Uteuzi na Ufungaji wa Trei za Kebo za Umeme katika Majengo ya Rubavu: Joto, Zinki, Tetemeko na Lugha ya Mafundi

Ikisiri

Makala hii inajadili namna ya kuteua na kufunga trei za kebo za umeme katika majengo ya mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, nchini Rwanda. Hoja yake kuu ni kwamba trei kwa kawaida hununuliwa kwa kuangalia upana na bei, ilhali uimara wake huamuliwa na mambo ambayo hayaonekani dukani: jinsi kebo zinavyopangwa juu yake, unene wa zinki, umbali kati ya vishikizo, na njia ambayo maji na moto vinaweza kupitia. Kwa kuwa trei hufichwa na dari, makala inapendekeza ukaguzi wake ufanyike kabla dari haijafungwa, kwa fomu iliyoandikwa katika lugha inayozungumzwa na wale wanaoifunga.

Utangulizi

Gisenyi umekaa kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukitazamana na Goma iliyo upande wa pili wa mpaka. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianza kazi hapa mwaka 1957. Tangu wakati huo mji umeongezewa hoteli, masoko, shule na, katika miaka ya karibuni, mitambo ya kuzalisha umeme kwa gesi ya methani inayovunwa ziwani. Katika kila jengo kubwa la aina hiyo kuna kebo nzito zinazotoka kwenye chumba cha ubao mkuu wa umeme na kwenda ghorofani, jikoni, kwenye pampu na kwenye mitambo ya baridi. Kebo hizo hazifukiwi ukutani kama nyaya za taa. Hulazwa juu ya trei, yaani mbeleko ndefu ya chuma, alumini au plastiki ngumu inayoning'inizwa chini ya sakafu ya zege au kushikizwa ukutani.

Washauri wa sera huenda wakajiuliza kwa nini bati lililokunjwa na kutobolewa lipewe nafasi katika mkutano wa Kiswahili. Jibu ni kwamba trei ni sehemu ya jengo ambayo kila mtu huitegemea na hakuna anayeiona. Hufungwa, kisha dari hufungwa chini yake, na hapo inasahauliwa mpaka siku ya hitilafu. Kosa lililofanywa na fundi kwa dakika kumi hubaki juu ya wodi au darasa kwa miaka ishirini.

Tatizo la jina

Tuanze na lugha, maana kosa la kwanza hutokea kabla ya kitu kununuliwa. Fundi aliyesomea Goma au Bukavu kwa Kifaransa hukiita kifaa hiki kwa maneno ambayo, yakifasiriwa, ni "njia ya kebo". Aliyesomea Kampala au Nairobi kwa Kiingereza hukiita "trei". Wakikutana katika jengo moja la Rubavu, lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Lugha hiyo ilifanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini hapa mpakani ilikuwa lugha ya soko na ya kazi muda mrefu kabla ya hapo. Sasa "njia ya kebo" kwa Kiswahili inaweza kuwa mtaro sakafuni, bomba ukutani, au mahali popote kebo inapopita. Mwenye kuagiza "njia ya kebo mita 200" anaweza kuletewa vitu vitatu tofauti, na kila muuzaji akawa amesema kweli.

Makala hii inatumia majina yafuatayo. "Trei bapa" ni ile isiyo na matundu. "Trei ya matundu" ni ile iliyotobolewa chini ili hewa ipite. "Trei ya wavu" imefumwa kwa vyuma vyembamba vilivyochomelewa. "Ngazi ya kebo" ina mihimili miwili pembeni na vipago katikati, kama ngazi ya kupandia iliyolazwa. "Trankingi" ni sanduku refu lenye kifuniko, nalo si trei ingawa maduka mengi huliweka katika rafu moja na trei. Neno "chanja", ambalo wavuvi wa Pwani hulitumia kwa uchaga wa kukaushia samaki, lingefaa sana kwa ngazi ya kebo, kwa kuwa kazi ni ileile: kuinua kitu ili hewa ipite chini na juu yake. Silishikilii sana pendekezo hilo. Lililo la lazima ni kwamba jina moja lisibebe vitu vitatu.

Joto: hewa baridi nje, tanuri chini ya bati

Kebo inayopitisha umeme hupata joto, na joto hilo lisipotoka huharibu kihami chake. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, sehemu ya 5-52, huanza na uwezo wa kebo moja katika hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, kisha hupunguza au kuongeza uwezo huo kulingana na mazingira. Kwa hewa ya nje, Rubavu ina bahati. Katika nyuzi 20 kebo yenye kihami cha PVC huruhusiwa kubeba asilimia 12 zaidi ya uwezo wake wa msingi. Kimo cha mji nacho hakileti shida, kwa sababu vifaa vingi vya umeme husanifiwa kwa matumizi hadi mita 2,000.

Bahati hiyo hupotea mara trei inapopitishwa kwenye nafasi iliyo kati ya dari na paa la bati lisilo na kizuia joto. Humo, jua la mchana likiwaka, hewa inaweza kufika nyuzi 40 na zaidi. Kwa nyuzi 40, kebo ya PVC hubaki na asilimia 87 ya uwezo wake. Kwa nyuzi 50, hubaki na asilimia 71. Kihami cha XLPE huvumilia zaidi: asilimia 91 na 82.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haitokani na paa. Inatokana na mkono wa fundi. Tuchukue mfano wa kebo 9 zinazofanana, zenye kihami cha PVC, kila moja ikiwa na uwezo wa ampea 100 na zote zikibeba mzigo kwa pamoja. Zikifungwa katika tita moja, kama kuni zinavyofungwa, jedwali la IEC huipa kila kebo asilimia 50 tu, yaani ampea 50. Zikilazwa safu moja juu ya trei ya matundu, hata kama zinagusana, kila moja hupewa asilimia 72. Kwenye ngazi ya kebo ni asilimia 78. Ziweke sasa chini ya bati lenye nyuzi 40: zile za tita hushuka hadi ampea 43.5, na zile za safu moja juu ya trei ya matundu hubaki na ampea 62.6. Kebo ni zilezile, shaba ni ileile, na mshitiri amelipa fedha zilezile. Tofauti ya ampea 19 kwa kila kebo imetokana na upana wa trei na uvumilivu wa aliyezilaza.

Hapo ndipo ununuzi wa trei nyembamba unapogeuka gharama. Trei ya milimita 150 ikijazwa kebo zilizostahili trei ya milimita 300, kebo hupandana, na hesabu ya msanifu haifai tena hata kama mchoro wake ulikuwa sahihi. Desturi nzuri ni kuacha angalau robo ya upana wazi kwa kebo zijazo, kwa sababu zitakuja. Hoteli huongeza vyumba na shule huongeza maabara. Aidha, si kila trei yenye vitundu ni trei ya matundu: kiwango kinataka matundu yachukue asilimia 30 au zaidi ya eneo la chini. Yenye vitundu vichache vya boliti hukokotolewa kama trei bapa, muuzaji aiite atakavyo.

Zinki

Trei nyingi ni za chuma kilichopakwa zinki, na zinki hupakwa kwa njia mbili ambazo mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa macho ya kawaida. Ya kwanza ni bati lililopakwa zinki kiwandani kabla ya kukatwa na kukunjwa. Daraja lake la kawaida, Z275, lina gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba kwa pande zote mbili pamoja, sawa na maikromita 20 hivi kila upande. Kingo zinazokatwa baadaye hubaki chuma kitupu. Ya pili ni kuitengeneza trei kwanza, kisha kuizamisha nzima katika zinki iliyoyeyuka. Kwa chuma chenye unene wa kati ya milimita 1.5 na 3, kiwango cha ISO 1461 hutaka wastani wa maikromita 55. Kiwango cha trei, IEC 61537, huziweka katika madaraja tofauti: Z275 ni daraja la 3, na maikromita 55 ni daraja la 6. Hati ya ununuzi inayosema tu "trei ya zinki" haijasema kitu.

Tofauti hiyo inamaanisha nini kwa miaka? ISO 9223 hugawanya hewa kwa ukali wake. Katika hewa ya daraja C2 zinki hupotea kwa maikromita 0.1 hadi 0.7 kwa mwaka; katika C3, 0.7 hadi 2.1, katika C4, 2.1 hadi 4.2. Tukichukua maikromita 2 kwa mwaka, yaani hewa iliyo karibu na ukomo wa juu wa C3, trei ya Z275 huishiwa na zinki baada ya miaka 10, na ile iliyozamishwa baada ya miaka 27. Ndani ya jengo kavu lililofungwa vizuri hesabu hiyo ni ya ukali kupita kiasi, na Z275 yatosha. Sina sababu ya kumshauri mwenye ofisi ndogo atoe fedha za ziada.

Lakini Rubavu haina hewa ya ofisi tu. Volkano ya Nyiragongo, iliyo kaskazini mwa Goma, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya asili vya gesi ya salfa duniani, na kwa karibu miaka 20, kuanzia mlipuko wa mwaka 2002 hadi ule wa 2021, ilikuwa na ziwa la lava likifuka. Upepo mara nyingi huupeleka moshi huo magharibi, mbali na Gisenyi, ila upepo haukutia saini mkataba wowote. Gesi ya Ziwa Kivu yenyewe ina kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ambayo hushambulia shaba, na kwa hiyo huhusu zaidi ncha na viungo vya kebo katika mitambo ya gesi. Kwenye kuta za nje, majiko ya hoteli, vyumba vya pampu na viwanda vinavyooshwa kwa maji kila siku, trei iliyozamishwa ndiyo chaguo la chini kabisa. Panapotumika kemikali za kuoshea, chuma cha pua au plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo huwa na maana zaidi.

Kila panapokatwa kwa grenda, ulinzi umeondolewa. Kingo zipigwe tupa mpaka zisikwaruze kidole, kisha zipakwe rangi yenye zinki nyingi. Kazi hiyo huchukua dakika mbili, nayo ndiyo ya kwanza kuachwa jioni ya Ijumaa.

Uzito na ardhi inayotikisika

Kebo ya shaba yenye viini 4 vya milimita 95 za mraba na deraya ya chuma ina uzito wa kilo 5 hivi kwa mita. Kebo 6 za namna hiyo ni kilo 30 kwa mita, bila kuhesabu trei. Watengenezaji hutoa jedwali la mzigo salama kwa kila umbali kati ya vishikizo, na jedwali hilo ndilo linalopaswa kuombwa dukani kabla ya bei. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, ukiongeza umbali kati ya vishikizo mara 2, mnepo huongezeka mara 16. Hivyo fundi anayeruka kishikizo kimoja "kwa sababu boru imeisha" hajapunguza uimara kwa nusu. IEC 61537 huruhusu mnepo usiozidi sehemu 1 ya 100 ya umbali huo, yaani milimita 30 kwa mita 3, na hutaka trei ihimili mara 1.7 ya mzigo salama bila kuanguka. Kiungo kati ya vipande viwili kisiwekwe katikati ya vishikizo, mahali penye mkazo mkubwa. Kiwekwe karibu robo ya umbali kutoka kishikizo kimoja. Vichwa laini vya boliti vielekee ndani na nati ziwe nje, ili ncha za boliti zisikate kihami. Na trei si daraja la kutembelea, ingawa kila mjenzi ameona watu wakiitumia hivyo.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na kwa siku kadhaa ardhi ya Goma na Rubavu ilitikisika mfululizo. Tetemeko la tarehe 25 Mei, lenye ukubwa uliozidi 5, lilipasua nyumba nyingi mjini Gisenyi. Trei iliyoning'inizwa kwa fito nyembamba huwa bembea katika hali hiyo. Habari njema ni kwamba kebo zenyewe husaidia. Majaribio yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vituo vya nyuklia yalionyesha kwamba kebo zilizolala ndani ya trei husuguana na kumeza sehemu kubwa ya nguvu ya mtikiso. Trei haikatiki kwa urahisi. Kinachong'oka ni nanga iliyo juu yake.

Kwa hiyo fedha za kujikinga na tetemeko ziende kwenye nanga na mihimili ya mshazari inayozuia trei kuyumba upande kwa upande na mbele kwa nyuma. Rubavu ina shida yake hapa: kuta nyingi zimejengwa kwa jiwe la volkano lenye vitundu, na nanga ya kupanuka iliyobuniwa kwa ajili ya zege haishiki vivyo hivyo katika jiwe hilo, wala katika tofali lenye uwazi. Vishikizo vipelekwe kwenye sakafu, boriti au nguzo za zege, au nanga ijaribiwe kwa kuvutwa mahali penyewe. Trei inapovuka ufa uliokusudiwa kati ya sehemu mbili za jengo, ikatwe hapo, iachwe nafasi, na kebo zipewe ulegevu. Nafasi hiyo hufaa pia kwa kutanuka kwa kawaida: trei ya chuma ya mita 30 hurefuka milimita 9 joto likipanda kwa nyuzi 25, na ya alumini milimita 17.

Maji na moto

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na Rubavu ikawa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi katika mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Kwa anayesanifu umeme, somo la bonde la Sebeya ni dogo na kavu: mtaro wa kebo ulio sakafuni ni mfereji, na mfereji hujaa. Maji yakiondoka matope hubaki. Katika majengo ya bondeni, kebo kuu zipite juu kwa ngazi, na ubao mkuu uwekwe juu ya alama ya mafuriko ambayo wakazi bado wanaweza kuionyesha kwa kidole.

Kuhusu moto, kisa kinachofundisha zaidi ni cha Browns Ferry, Alabama, tarehe 22 Machi 1975. Wafanyakazi wa kituo hicho cha nyuklia walitumia mshumaa kutafuta mahali hewa ilipovuja katika tundu ambamo trei zilipita ukutani. Povu lililotumiwa kuzibia likashika moto. Moto ulisafiri pamoja na trei hadi upande wa pili wa ukuta, ukaunguza kebo zipatazo 1,600. Nusu karne baadaye, povu la kawaida la kuzibia bado hutumika katika matundu kama hayo kwa sababu ni rahisi na hukauka upesi. Mahali trei inapopenya ukuta au sakafu panahitaji kizibo kilichopimwa kwa moto, na kizibo hicho kirudishiwe kila kebo mpya inapopitishwa. Hili la pili ndilo gumu, maana anayepitisha kebo ya intaneti miaka mitano baadaye si fundi wa umeme na hana mchoro.

Ukaguzi kabla ya dari

Nchini Rwanda, RURA hutoa vibali kwa mafundi wa umeme, na Shirika la Viwango la Rwanda, RSB, husimamia viwango. Nguzo hizo zipo. Kinachohitajika ni hatua moja katika ratiba ya ujenzi: jengo la umma lisifungwe dari mpaka trei zimekaguliwa na kupigwa picha. Mkaguzi apime umbali kati ya vishikizo, ahesabu safu za kebo, aone cheti cha unene wa zinki, na apime ukinzani wa umeme katika viungo. IEC 61537 huruhusu miliomu 50 kwa kiungo na miliomu 5 kwa mita kwa trei inayotajwa kuwa na mwendelezo wa umeme. Trei iliyopakwa rangi mara nyingi haifikii hapo mpaka rangi ikwanguliwe kwenye viungo au waya wa kuunganisha uongezwe. Kazi yote kwa jengo la ghorofa tatu ni ya siku moja.

Fomu ya ukaguzi iandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, pamoja na picha ya kila aina ya trei kando ya jina lake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ndiyo mahali panapofaa pa kuyakubali majina hayo ili Goma, Rubavu, Kampala na Mwanza zisiwe na orodha nne.

Kuna jambo moja linaloweza kuanza bila kusubiri mtu. Kipande cha bati la zinki safi, sentimita 10 kwa 15, hupimwa uzito, huning'inizwa nje kwa mwaka mmoja, husafishwa kwa utaratibu wa ISO 9226, kisha hupimwa tena. Kila gramu 0.21 iliyopotea kwa pande zote mbili ni maikromita 1 ya zinki. Vipande vitatu juu ya paa la shule mjini, vitatu karibu na mtambo wa gesi, na vitatu Nyundo kando ya Sebeya, pamoja na mizani nzuri ya maabara, vinatosha kuonyesha ni wapi wilayani trei ya daraja la 3 inafaa na ni wapi haifai.